Kipya Kinyemi: Ubishi juu ya Kichanja cha Kahawa

Ubishi mkubwa aghalabu huanza na kitu kidogo. Ubishi wa nyumbani kwetu Karagwe ulianza na kichanja cha kuanikia kahawa. Mguu wake mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa, na wavu wake wa waya umechanika katikati. Ndugu yangu mmoja alisema kitupwe, tununue mashine ya kukaushia. Wa pili alisema kitupwe, tuanike chini kama walivyoanika babu zetu. Mama peke yake alitaka kitengenezwe. Wengi wakamshinda, na kahawa ya msimu ule ikaanikwa juu ya udongo, ikingojea mashine ambayo haikuja. Umande ukaishika, ukungu ukaota, na mnunuzi akataja bei ya huruma. Naandika makala haya kumtetea mama, kwa kuwa kosa letu si letu pekee. Katika Karagwe na jirani yake Kyerwa, iliyokuwa wilaya mbali mwaka 2012, nimeliona katika nyua nyingi.

Kwanza na tujue kazi ya kichanja. Buni iliyotoka mtini imejaa maji, nayo haina usalama ghalani mpaka unyevu wake ushuke kufika kiasi cha asilimia 12. Kichanja huiinua juu ya udongo, hewa ikapita chini na juu yake. Buni ikitandazwa kwa tabaka jembamba, ikigeuzwa mara kwa mara mchana na kufunikwa usiku, hukauka kwa juma kadhaa. Isipokauka sawasawa, kuvu huingia, na baadhi ya kuvu hao huacha sumu iitwayo okratoksini, ambayo kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulishusha kiasi cha sumu hiyo kinachoruhusiwa katika kahawa iliyokaangwa, kutoka maikrogramu 5 kwa kilo hadi 3. Basi tundu la wavu katika ua wa Kayanga au Murongo lina neno na kikombe cha mtu wa mbali.

Sasa nawageukia wapenzi wa mashine. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika nchi za baridi watu huweka nyumbani mashine ya kunyonya unyevu wa hewa, nayo ikisimama huulizana: tuitengeneze au tununue nyingine? Mwenye busara hatazami kwanza bei ya dukani, hutazama kilichoharibika. Pengine ni kichujio kilichoziba vumbi, na kukisafisha ni kazi ya dakika chache. Pengine ni pampu ya gesi iliyokufa, na matengenezo yake yakakaribia bei ya mashine mpya. Swali ni moja, majibu ni mawili, na hakimu ni ubovu wenyewe. Sisi hatukumwita hakimu huyo. Tulihukumu kichanja kizima kwa dhambi ya mguu mmoja! Wala hatukujiuliza mashine ingekula nini, umeme au kuni, wala fundi wake angetoka wapi. Chama cha ushirika chenye kahawa ya watu wengi chaweza kubeba mzigo huo. Ua wa mjane hauwezi.

Kwa wanaosema babu zetu walianika chini, nawajibu kwamba wanawasingizia wazee uvivu wao wenyewe. Wazee wetu wa Kagera waliichemsha buni na kuikausha kwa uangalifu, wakamkaribisha mgeni kwa kuitafuna. Hawakumpa mgeni ukungu. Kurithi desturi bila kurithi uangalifu wake ni kurithi ala bila upanga.

Lakini hasara kubwa haimo katika bei ya msimu mmoja. Aliyeuza kahawa mbovu hubaki bila akiba; ada ya mtoto ikidaiwa kabla ya mavuno, huiuza kahawa ya mwaka ujao ingali mtini, pengine ingali ua. Hiyo ndiyo butura, ambayo serikali imeipiga marufuku lakini haijafa, kwa sababu shida inayoizaa haijafa. Sisemi kila butura huzaliwa na kichanja kibovu. Nasema kila kichanja kibovu huifungulia butura mlango.

Nisidhaniwe kuwa naabudu vikuukuu. Kichanja ambacho miguu yote imekuwa unga, na wavu wake wabandua kutu juu ya buni, kizikwe bila matanga; kukiraka ni kutupa fedha mara mbili. Gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya gharama ya kuunda kipya, na umri uliosalia ni msimu mmoja, undeni kipya. Lakini hukumu hiyo itolewe mapema, kabla buni hazijaiva, na baada ya kushika kila mguu kwa mkono. Kuamua wakati buni zimo kikapuni si kuamua. Ni kusalimu amri.

Mwaka uliofuata tulikata mti mmoja, tukashona wavu kwa waya, tukanunua turubai la kufunikia usiku. Kazi ilitwaa asubuhi moja. Mama hakutucheka, ingawa alikuwa na haki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; nasi tulikaribia kuuza hata kiwanja cha ukuta wenyewe.