Ngalawa Si Kichekesho cha Watalii

Kwa miaka kadhaa kampuni ya Kiingereza, The Adventurists, imeandaa katika pwani ya Tanzania mashindano yaliyoanza kwa jina la Ngalawa Cup na baadaye yakaitwa Kraken Cup. Wageni hulipa ada, hukabidhiwa ngalawa zisizo na injini, wakashindana kutoka kisiwa hadi kisiwa. Sina ugomvi nao. Aliyelipa fedha yake ili aloane ana haki ya kuloana. Ugomvi wangu ni na sisi, tuliokubali kwamba ngalawa ikiongozwa na mgeni ni ushujaa, na ikiongozwa na kijana wa Jibondo ni umaskini.

Atakayeniambia kwamba bahari ya Mafia haina njia ya kihistoria ya kufuatwa, na afungue Periplus ya Bahari ya Eritrea, maelezo ya Kigiriki ya karne ya 1. Humo kinatajwa kisiwa cha Menouthias, ambacho wanazuoni wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia: kina vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, na watu wake huvitumia kuvua samaki na kukamata kasa. Mbele yake iko bandari ya Rhapta, inayouza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba katika delta ya Rufiji na kisiwani Juani akitafuta athari za biashara hiyo. Na ni Juani hiyohiyo ambako, mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska waliushambulia mji wa Kua. Madagaska, ndugu msomaji, kwa mitumbwi!

Wenzetu wa Kanada, nchi yao ilipotimiza miaka 100 mwaka 1967, walipeleka timu 10 kupiga makasia kwa siku 104, kutoka Rocky Mountain House hadi Montreal, zikifuata njia za kale za biashara ya manyoya. Lilikuwa jambo la taifa. Sisi mwaka 2003 tulijenga mtepe, chombo cha kushonwa, ndani ya Beit al-Ajaib kule Zanzibar. Ulijengwa kwa ajili ya maonyesho, si kwa ajili ya maji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo lenyewe ikaporomoka.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nahodha wa Mafia anajua matlai itakufa saa ngapi, mkondo wa bamvua unapita wapi kati ya miamba, na tanga lishushwe lini. Elimu hiyo haina cheti, haina mtaala, haina posho. Akifa, tunamsomea hitima, na mwanafunzi wangu wa historia anaendelea kukariri safari ya Vasco da Gama bila kujiuliza kwa nini Mreno huyo alihitaji rubani kutoka Malindi.

Maofisa watasema: usalama. Neno zuri, ila mbona halisemwi mgeni anapolipa? Watu wa Mafia wanavuka kati ya Kilindoni na Nyamisati, na wavuvi wanalala baharini, kamati iwepo isiwepo. Majaketi ya kuokolea, redio na boti ya kusindikiza havizidi gharama ya semina mbili za hotelini.

Kaskazi ikianza, ngalawa zitoke ghuba ya Chole, zipite mbele ya delta ya Rufiji hadi Kilwa Kisiwani, na kusi izirudishe. Wanafunzi wawe mabaharia. Manahodha wawe walimu, walipwe kama mhadhiri mgeni anavyolipwa, na majina yao yatangulie katika ripoti. Na kama kamati ya maandalizi itaundwa Dodoma na wajumbe wake wote wakawa madaktari wa falsafa, mimi nikiwamo, jina langu liondolewe kwanza, na liwekwe la fundi wa Jibondo aliyeichonga ngalawa.