Sonona kwa Wagonjwa wa Ngozi: Kuuliza Kusisubiri Maabara

Matumaini kwamba tone la damu litatosha kubainisha sonona yana msingi wake. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa baadhi ya watu wenye sonona huwa na kiwango cha juu cha CRP, protini inayotengenezwa na ini wakati mwili umo katika inflamesheni, yaani pale kinga inapopambana na kuleta joto, uvimbe na maumivu. Hupanda pia interleukini-6, mojawapo ya kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kupashana habari. Kemikali hizo hizo huongezeka kwa mgonjwa wa soriasisi. Ni rahisi basi kudhani kwamba ngozi na moyo wake vinaunguzwa na moto mmoja, na kwamba maabara itauona.

Hapo ndipo penye tatizo. Kipimo kinachopandishwa na ngozi hakiwezi kuaminiwa kueleza habari za moyo. CRP hupanda kwa malaria, kwa nimonia, kwa jipu, hata kwa unene uliopindukia. Mgonjwa wa soriasisi aliye mchangamfu anaweza kuwa na CRP ya juu. Mwenye mbalanga anaweza kupata majibu safi kabisa, ilhali amekwisha kuacha kwenda harusini na msibani kwa kuogopa macho ya watu. Akiambiwa damu yake haina neno, ameachwa peke yake kwa mara ya pili.

Jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 2013 lina funzo. Wagonjwa 60 ambao sonona yao ilikuwa imeshindikana kwa dawa za kawaida walipewa ama infliximabu, ambayo hutibu pia soriasisi, ama dawa bandia. Kwa ujumla infliximabu haikuishinda dawa bandia. Faida ilielekea kuonekana tu kwa wale ambao CRP yao ilizidi miligramu 5 kwa lita. Huenda basi kipimo hiki siku moja kikasaidia kumchagulia dawa mtu ambaye sonona yake imekwisha kujulikana. Kuigundua ni kazi nyingine. Utafiti wa nchi 13 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2015, uliikuta sonona kwa asilimia 10.1 ya wagonjwa wa ngozi, dhidi ya asilimia 4.3 ya kundi la kulinganisha, na uliigundua kwa dodoso.

Wagonjwa hukitamani kipimo cha damu kwa sababu inayoeleweka: karatasi ya maabara huaminiwa nyumbani. Asiyeweza kuamka asubuhi huitwa mvivu. Mwenye karatasi huitwa mgonjwa. Dai hilo ni la haki. Linajibiwa na mhudumu anayeiandika sonona katika faili kama anavyouandika ukurutu, na kuieleza waziwazi mbele ya ndugu, mgonjwa akiridhia.

Dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, lipo kwa Kiswahili. Nalo lataka busara. Swali la usingizi, kwa mfano, humnasa kila mwenye mwasho. Hivyo mhudumu aulize zaidi: je, hulali kwa sababu ya kujikuna, au hata ngozi ikitulia usingizi hauji? Damu nayo ichukuliwe pale inapofaa. Upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana na sonona, na kadhalika udhaifu wa tezi ya shingo, ambao huandamana na mbalanga mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Vidonge vya predinisoloni pia huweza kuvuruga hisia, na hilo halionekani katika kipimo chochote.

Swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lisirukwe kwa kuona haya. Mgonjwa akikiri kuwa nayo, asiondoke kliniki na dawa ya kupaka peke yake: aonwe siku hiyo hiyo na mtaalamu wa afya ya akili, au kama hayupo, na daktari wa zamu, na aitwe ndugu anayemwamini.