Tumechoka kuwa data, tunataka kuwa watafiti

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu wa mashirika, leo tuambiane ukweli.

Hapa Kwapa watafiti wanakuja na fomu zao. Tunajibu maswali, tunapewa soda, wanaondoka. Wao wanapata digrii, sisi tunabaki kungoja fomu nyingine. Januari 2008 Wakenya waliokimbia vurugu za uchaguzi walivuka mpaka huu, wakawekwa Mulanda, halafu wakapelekwa Kiryandongo. Je, nani aliwapangia maisha? Si wao.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki sawa na raia kwenye elimu ya msingi. Juu ya hapo tunahesabiwa wageni. Ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992, umesomesha wengi, lakini hasa shahada ya kwanza. Sasa sera inaandikwa na wenye uzamili na uzamivu. Sisi tutaingilia wapi?

Na msituambie eti mkimbizi hawezi. Mahmood Mamdani alifukuzwa Uganda 1972, akakaa kambi ya wakimbizi London. Baadaye ndiye aliongoza taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, ikaanzisha uzamivu 2012.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo tunadai: vyuo vitutoze karo ya raia, wafadhili walipie uzamili, na kila utafiti juu yetu uwe na mkimbizi anayeandika, siyo wa kutafsiri tu. Na majibu yaletwe hapa Kwapa, tuyasome wenyewe.