Bani na Nyumba ya Bwana

Iko desturi mbaya miongoni mwa waandikao habari za mashamba ya zamani: huanza na nyumba ya mwenye shamba, tena humalizia papo hapo. Ndivyo lisimuliwavyo shamba la tumbaku la Washington Duke, lililoko Durham katika jimbo la North Carolina, Marekani. Husifiwa nyumba yake ya mbao ya mwaka 1852. Husifiwa alivyorudi vitani mwaka 1865 hana kitu, na mwanawe James alivyounda kampuni ya American Tobacco mwaka 1890, iliyoitawala biashara hiyo hata mahakama ikaivunja mwaka 1911. Bani la kukaushia tumbaku hupewa mstari mmoja.

Lakini bani ndilo lililoleta mali. Nyumba kama ile mkulima yeyote wa mahindi angeweza kuijenga. Bani limejengwa kwa fikira: magogo yamepangwa mraba, na nyufa zikazibwa kwa udongo ili joto lisipotee, ndani, tangu chini hata darini, zimepita safu za fito za kutundikia majani. Moto huwashwa kinywani mwa tanuri, na joto hupita katika bomba, moshi usiliguse jani. Wakulima wa Tabora na Urambo, wakaushao tumbaku ya mvuke, wanalijua jengo la namna hiyo kwa jina hilo hilo la bani.

Basi moto huo asili yake nini? Mwaka 1839, wilayani Caswell, kaskazini-magharibi ya Durham, kijana mtumwa aitwaye Stephen, mhunzi katika shamba la Abisha Slade, alikuwa akilinda moto wa tumbaku. Husemwa alisinzia, moto ukafifia; akashtuka, akakimbilia makaa yake ya uhunzi na kuyatupa motoni. Jani likatoka manjano ang'avu, likapata bei kubwa. Slade akatajirika. Stephen akabakiziwa usingizi.

Masimulizi hayo hayana haki. Usingizi haumfunzi mtu kwamba makaa hutoa joto kali lisilo na moshi. Uhunzi ndio umfunzao. Bomba lililoenea baadaye lilifanya kazi ile ile ya makaa yale. Tena Slade alipowaeleza wakulima wenziwe njia hiyo, alieleza kilichotendwa na mikono ya mtumwa wake. Lau mwenye shamba mwenyewe ndiye aliyesinzia usiku ule, vitabu vingalisema amevumbua.