Babu, mlishinda mechi ngapi?

Haya wadau, likizo ile niliimalizia nyumbani Nyamisati, kwetu delta ya Rufiji, na kuna swali limenikaa kichwani tangu usiku wa Januari 4, 2026. Leo nalitua hapa.

Siku hiyo Taifa Stars walicheza na Moroko kulekule kwao Rabat, hatua ya 16 bora ya AFCON. Kibandaumiza kilijaa, wengine wamekalia ndoo za kamba. Tukafungwa 1-0, goli la Brahim Díaz, na mwishoni tukalilia penati mpaka sauti zikakauka. Tulipotoka nje mzee mmoja akaanza: "Hii mnaita timu? Sisi mwaka 1980 tulikwenda Lagos!" Akamwaga majina: Tenga, Pondamali, Mkambi, Thuwein. Akafika kwenye goli la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, ile sare ya 1-1 na Zambia iliyotupa tiketi.

Dogo mmoja wa kidato cha pili akauliza, tena kwa heshima zote: "Babu, huko Lagos mlishinda mechi ngapi?"

Kimya. Mzee akanigeukia: "Mwalimu, hebu mjibu." (Kwetu ukisomea ualimu tu, tayari wewe ni mwalimu, hata kama bado unadaiwa sapu.)

Nikasema ukweli. Hakuna. Nigeria walitupiga 3-1, Misri 2-1, na Ivory Coast tukatoka 1-1. Dogo hakuishia hapo: "Na baada ya hapo je?" Basi tukahesabu wote kwa vidole. Mwaka 2019 kule Misri, baada ya kusubiri miaka 39, mechi tatu, vipigo vitatu. Januari 2024 kule Ivory Coast, kipigo kwa Moroko, sare na Zambia, sare na Kongo. Na hii ya Moroko: tulifungwa na Nigeria, sare na Uganda, sare na Tunisia, halafu ndio usiku ule. Jumla fainali nne, mechi 13, sare 5, vipigo 8. Ushindi sifuri.

Mzee aliondoka bila kuaga. Jamani, niliumia. Nilijiona nimemvua nguo mbele za watoto.

Usiku sikulala vizuri, nikaona kumbe jibu langu lilikuwa nusu. Mwaka 1980 fainali zilikuwa na timu 8 tu. Kufika Lagos peke yake ilikuwa ni kuwa kati ya nane bora Afrika nzima. Hizi za juzi zilikuwa na timu 24, na sisi tulipenya makundi kwa sare mbili. Sibezi, ilikuwa mara yetu ya kwanza kuvuka makundi, nilishangilia mpaka basi. Lakini mzee hakuwa anatudanganya. Asubuhi nikaenda kwake, nikampa shikamoo, nikamweleza. Akasema neno moja tu: "Kamwambie na yule mtoto."

Sasa maoni yangu. Historia ya Stars kwenye AFCON ni historia ya kufika. Machi 2019 tulipoifunga Uganda 3-0 pale Taifa, nchi nzima ilisherehekea kama vile kombe tumeshabeba. Tulikuwa tumefuzu tu! Lakini mwaka 2023 CAF ilitupa uenyeji wa AFCON 2027, sisi na Kenya na Uganda. Mwenyeji hahangaikii kufuzu. Kwa hiyo safari hii kufika hakutakuwa sifa. Litabaki swali la yule dogo: mmeshinda ngapi?

Na sisi tunaosomea ualimu tuache kuwaficha watoto hiyo sifuri. Tunawakaririsha majina ya mashujaa tukidhani matokeo yatawavunja moyo. Yule dogo hakuvunjika. Kesho yake jioni, maji yalipokupwa, nilimkuta anapiga chandimu na wenzake kwenye tope. Nikamweleza habari ya timu nane. Akafikiri kidogo, akasema: "Kwa hiyo ushindi wa kwanza bado haujachukuliwa na mtu?"

Nikamwambia bado, mdogo wangu.

Nawasilisha.