Wanaoanza Briji Wafundishwe Hesabu Kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu jinsi mchezo wa karata wa briji unavyofundishwa.

Walimu wengi huanza na kunadi, kisha kucheza. Hesabu ya pointi huja mwisho, na mwanafunzi huambiwa, "Wewe cheza tu, tutakuandikia." Huko ni kumfundisha mtu biashara bila kumwambia bei.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila mchezaji hupewa karata 13, kwa hiyo kuna mizunguko 13. Mizunguko 6 ya kwanza unayoshinda haina pointi. Anayenadi "moja" ameahidi kushinda 7. Kila mzunguko zaidi ya hiyo 6 una bei yake: pau na uru 20, kopa na shupaza 30. Bila turufu, wa kwanza ni 40 na mingine 30. Ahadi ikifikia pointi 100, katika mashindano huongezwa 300. Ikiwa chini ya hapo, huongezwa 50 tu. Ukipungukiwa, wapinzani hupata 50 kwa kila mzunguko. Upande uliopangiwa hatari huongezwa 500 badala ya 300, na hutozwa 100 badala ya 50.

Sasa tazama. Aliyeahidi kopa nne akashinda mizunguko 10 hupata 420. Mwenzake mwenye karata zile zile aliyeahidi kopa tatu akashinda hiyo hiyo 10 hupata 170. Tofauti yote imeletwa na ahadi. Asiyejua hesabu hii atajuaje kwa nini asogee kutoka tatu hadi nne?

Hata briji tunayoicheza leo ilitokana na hesabu. Mwaka 1925 Mmarekani Harold Vanderbilt alipanga pointi upya, akaweka kwamba kinachohesabiwa kufikia 100 ni kile tu ulichoahidi.

Wako watakaosema hesabu itawatisha wageni. Sikubali. Mtu anayejumlisha bei ya unga na sukari kila siku hawezi kushindwa na 20 na 30. Kinachomkimbiza ni kushindwa bila kujua sababu, na kupokea kila anachoandikiwa na wengine.

Nashauri bei hizi ziandikwe ubaoni siku ya kwanza, na kila anayeanza ashike penseli kwa zamu. Wenzangu mnaonaje?

Mpenda Karata,
Tanga.