Mafuta si mafuta tu: bidoni isiyo na jina isiingie garajini



Katika garaji nyingi za Butembo na Beni utasikia neno hili: "Mafuta ni mafuta, mradi yanateleza." Ukurasa huu unasema hapana. Kila mafuta yana kazi yake, na anayeyatia mahali pasipo pake anaweza kumuua mwenzake bila kumgusa.

Shauri letu ni moja: bidoni yoyote isiyoandikwa jina la mafuta yaliyomo isiingie garajini, wala kwenye kamiyo, wala mahali pa kuchimba. Soma sababu zetu.

Anza na mafuta unayoyajua nyumbani. Chupa ya mawese iliyoyeyuka juani kule Beni, ipandishe Butembo uiache nje usiku kucha. Asubuhi utaikuta imeganda. Mawese ni yale yale, bali baridi imeyageuza. Beni iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Butembo zaidi ya mita 1,700. Ni safari ya kilomita 54 hivi, lakini mafuta yanajua tofauti.

Mafuta ya motere nayo hugeuka, ingawa hayagandi kama mawese. Yakipoa huwa mazito, yakipata moto huwa mepesi. Hiyo ndiyo maana ya namba zinazofuata herufi SAE. Kadiri namba ilivyo kubwa, ndivyo mafuta yalivyo mazito. Yenye 15W-40 yana namba mbili: ya kwanza inahusu baridi, motere inapoamshwa asubuhi, ya pili inahusu motere iliyokwisha kupata moto. Mafuta mazito mno huchelewa kufika yanakotakiwa. Mepesi mno hukatika kati ya vyuma, chuma kikasaga chuma.

Sasa tazama aina nyingine. Mafuta ya gia hutiwa dawa ya kulinda meno ya chuma yanayobanana kwa nguvu. Hayafai ndani ya motere. Grese nayo si moja. Ile ya sabuni ya chokaa huvumilia maji lakini hulainika na kukimbia joto linapozidi. Ile ya sabuni ya soda huvumilia joto lakini maji huiosha. Ile ya litiamu huvumilia yote mawili kwa kiasi kizuri, ndiyo maana imeenea. Mtu anayepaka grese ya soda kwenye pampu ya kutoa maji shimoni amefanya kazi bure, na pampu ikikwama, maji hayatamngoja mtu aliye chini.

Kompresere pia ina mafuta yake. Ukiitilia mafuta yasiyofaa, joto la hewa iliyobanwa huyachoma, yakaacha masizi magumu kwenye bomba la kutolea hewa. Masizi hayo yanaweza kushika moto humo ndani. Na wewe unayechomelea vyuma, usiguse kilango cha chupa ya oksijeni kwa mkono wenye mafuta au grese ya aina yoyote. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kuwaka na kulipuka bila kiberiti.

Tumeacha freni makusudi hadi sasa. Maji ya freni, yale yanayoandikwa DOT 3 au DOT 4, watu huyaita mafuta, nayo si mafuta ya kulainisha hata kidogo. Mipira iliyo ndani ya freni imetengenezwa kwa ajili yake. Ukiongeza mafuta ya motere, hata kidogo, mipira huvimba na kulegea. Shofere atatoka garajini freni zikishika vizuri. Zitamwacha baadaye, labda kwenye mteremko wa kwenda Beni, kamiyo imejaa mzigo na watu wameketi juu yake. Wataandika kwamba shofere alikuwa na mwendo mkali. Hakuna atakayeuliza habari ya chupa ya maji ya kunywa iliyokuwa na kitu chekundu ndani, isiyo na jina, pembeni mwa garaji.

Usidhani mafuta ni jambo dogo kwa mchimbaji. Tarehe 8 Agosti 1956, huko Marcinelle katika Ubelgiji, gari la makaa lililokaa vibaya kwenye kizimba cha kupandishia liligonga boriti. Likakata bomba la mafuta yenye presha, nyaya za umeme na bomba la hewa. Umeme ukawasha mafuta, hewa ikapuliza moto. Kati ya watu 275 waliokuwa chini, 262 walikufa. Baada ya hapo nchi za Ulaya zilizochimba makaa zilikazana kutafuta mafuta ya presha yasiyoshika moto upesi. Basi hata mafuta ya kunyanyulia mzigo yana aina zake, na kuchagua aina ni kuchagua maisha ya watu.

Wengine watasema: "Mafuta yenye jina ni ghali." Ni kweli yana bei. Lakini hapa hatuombi mafuta ya bei kubwa, tunaomba jina. Kuandika jina kunataka rangi kidogo na burashi. Wengine watasema kosa ni la mfanyakazi mzembe. Sisi hatukubali. Ikiwa magazini inampimia mtu mafuta kutoka pipa la lita 200 na kumjazia chupa tupu, kosa limeanza magazini. Mnunuzi anayechukua mafuta sokoni bila kuuliza namba naye yumo. Mkubwa wa kazi anayesema "tia yoyote, kamiyo iondoke" naye yumo.

Na mafuta machafu ya vidanji? Hayo yamekwisha kupoteza jina. Yamejaa masizi na vipande vya chuma. Usiyarudishe kwenye mashine yoyote. Usinawie mikono, usipake kidonda. Mafuta ya namna hiyo yakikaa kwenye ngozi miaka mingi yanaweza kuleta kansa. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester, Uingereza, walieleza kansa hiyo kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba, ambao nguo zao zililoweshwa na mafuta ya mashine kila siku.

Kwa hiyo, ndugu, tushike haya:

1. Kila pipa na kila bidoni iandikwe jina, namba, na mashine inayohusika.
2. Kila aina iwe na bidoni yake na mrija wake.
3. Chupa ya kinywaji isitiwe mafuta kamwe. Mtoto hawezi kusoma harufu.
4. Usipojua ni mafuta gani, usitie. Uliza, hata kama kamiyo itachelewa.

Mkubwa akikuhimiza, mjibu kwa heshima: "Mkubwa, sijui jina lake." Hilo ni jibu la mfanyakazi mwema, na hakuna anayepaswa kuadhibiwa kwa kulisema. Kamiyo iliyochelewa saa moja itafika Beni. Isiyo na freni haina ahadi.